Nikifika na mzigo, watu wameshahamia kingine

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina fremu ya nguo na viatu Nkuhungu, hapa Dodoma, huu ni mwaka wa tatu. Shida yangu ni moja. Nikiona kitu kinatamba kwa wenzangu nakifuata Kariakoo, nikirudi nacho nauza wiki mbili, kinapoa, mzigo unabaki. Sasa hivi nina madera 19 yamening'inia hayana mwenyewe. Jirani yangu kila mara anakuwa wa kwanza, mpaka watu wanasema ana dawa. Je, kuna namna ya kuona kitu kinakuja kabla hakijashika mji, au ni nyota ya mtu?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Dawa ya jirani yako siijui, na nyota siwezi kuipima. Ninachokijua ni kile nilichokiokota kwa miaka mingi ya kuzunguka masokoni na daftari, nikiandika bei na kuhesabu mizigo. Kitu kikishatundikwa kwenye fremu tano za mtaa mmoja, hicho si habari tena. Wewe unaangalia kilichotundikwa. Anayewahi anaangalia kilichoulizwa kikakosekana. Ukitaka unaweza kuishia hapa ukaenda kufungua duka. Ila ukilibeba hilo bila kujua sababu yake utalitumia vibaya, kwa hiyo nivumilie nikupeleke mbali kidogo, mpaka kwenye mashamba ya mahindi ya Marekani.

Kule jimbo la Iowa, kuanzia mwaka 1928, wakulima walianza kuuziwa mbegu chotara ya mahindi. Ilizaa zaidi na ilistahimili ukame, lakini ilikuwa na kero yake: lazima uinunue upya kila mwaka, huwezi kuweka akiba ya mbegu kutoka shambani kwako kama walivyozoea. Watafiti wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, waliwafuata wakulima 259 wakamuuliza kila mmoja aliianza lini na nani alimshawishi. Matokeo yakachapishwa mwaka 1943. Miaka mitano ya kwanza ilipita na mkulima mmoja tu katika kumi ndiye alikuwa ameipanda. Miaka mitatu iliyofuata wakafika wanne katika kumi. Walipohojiwa mwaka 1941, ambao hawajaigusa walikuwa wawili. Wawili kati ya 259.

Ukiichora hiyo inatoka kama kilima cha Dodoma ukikitazama kwa mbali: tambarare ndefu, halafu mwinuko mkali, halafu tambarare tena juu. Mambo mengi yanayoenea kati ya watu yana umbo hilo, iwe mbegu, simu, mtindo wa nywele au uvumi. Na kuna jambo la pili walilolikuta ambalo mimi naliona kubwa kuliko namba. Habari za mbegu wakulima wengi walizipata kwa muuzaji, lakini kilichowafanya waamue kupanda ni jirani. Habari ina njia yake na uamuzi una njia yake. Siku hizi TikTok inampa mteja wako habari. Anayempa uamuzi ni mwenzake wa kazini aliyekaa meza ya pili, ambaye amelivaa dera na halijachuja.

Sasa turudi Nkuhungu na kilima chetu. Tuseme katika mitaa inayokuzunguka wapo wanawake 600 ambao mwisho wa yote watanunua lile dera. Siku uliyoona "kila mtu analo" ndiyo siku ya mwinuko mkali, na kwa kitu ambacho mtu hununua mara moja, siku kinapouzwa kuliko siku zote huwa karibu na siku ambayo nusu ya wanunuzi wameshanunua. Yaani 300 wameshamaliza. Hao 300 walihudumiwa na fremu tatu, kila moja kama madera mia. Ulipoliona wewe, waliliona na wenzako. Mmepanda gari fremu kumi na tano, kila mmoja karudi na arobaini. Hayo ni madera 600 kwa wanawake 300. Hapo hata ungekuwa na lugha tamu namna gani, nusu ya mzigo wa mtaa mzima lazima ibaki, na 19 yako yamo humo. Hukukosea rangi wala bei. Ulihesabu waliolivaa ukasahau kuhesabu waliobaki, na ukasahau kuhesabu waliopanda gari pamoja nawe.

Hili la wauzaji kujazana nimelilipia mwenyewe. Mwaka 2014 nilifuga kware. Usicheke. Ilikuwa kila kona mayai ya kware: yanatibu hiki, yanatibu kile, trei moja bei ya kuku wawili. Mimi mtu wa takwimu, nikanunua vifaranga. Kware ana tabia moja ambayo kila mfugaji aliifurahia na ndiyo iliyotuua: yai linaanguliwa kwa siku 17 hivi, na jike anaanza kutaga akiwa na wiki sita au saba. Hesabu mwenyewe: ndani ya miezi miwili na kidogo yai limekuwa mtagaji. Hakuna mlaji anayeongezeka kwa kasi hiyo. Nilikuwa nauza mayai kwa mtu mwenye mashine ya kutotolesha, yeye anauza vifaranga kwa anayetaka kuanza kufuga, naye huyo akikuza analeta mayai kwa yule yule mwenye mashine. Pesa ilizunguka vizuri kabisa. Siku moja nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza kabla sijatoa hata shilingi: anayekula ni nani? Nikapita kwa wauza chipsi, nikapita kwa mama lishe, nikaingia madukani. Mmoja aliniambia anayo trei moja, imekaa tangu wiki iliyopita, aliileta "ili watu waone". Sokoni kote tulikuwa tunauziana mbegu. Watu wanaotaka kuanza walipokwisha, bei ikaanguka kwa wiki chache, na mwisho kware wangu tukawala nyumbani. Nyama yake si mbaya.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila kinachotamba: wa mwisho kwenye mnyororo ni nani, na umemwona kwa macho? Kwenye nguo, jihadhari na mzigo unaouzwa zaidi kwa wanaotaka kuuza. Ukiona grupu la WhatsApp limejaa "fursa ya jumla" na huoni mtu barabarani amevaa, hao ni kware.

Kuna na upande wa pili, mlaji yupo kweli lakini mlango ni mmoja. Wakulima wa mbaazi wa Kondoa na Babati wanaukumbuka mwaka 2017. Mbaazi ilikuwa inapanda, watu wakaongeza mashamba, na walaji walikuwepo, mamilioni, India. Agosti ile serikali ya India ikaweka ukomo wa mbaazi za kuingiza, na huku bei ikaporomoka hadi wengine wakaacha kuvuna. Mwelekeo ulikuwa wa kweli ila ulikuwa umeshikwa na mkono mmoja. Wewe hauko mbali na hilo kama unategemea chuo kimoja au ofisi moja.

Sasa daftari. Nunua lile dogo la kurasa 48, lifunge kamba, litundike karibu na unapokaa. Usiandike ulichouza, hicho pesa itakwambia. Andika kila kitu mteja alichouliza ukamjibu "hakuna", kwa maneno yake mwenyewe, na umfahamu au humfahamu. Nikupe ukurasa wa kubuni uone unavyosomwa:

Jumatatu, saa nne: suruali ya kike ya kitambaa, nyeusi, "yenye mifuko ya kweli". Mama wa ofisini, simfahamu.

Jumatano: "mna suruali za kazini zisizobana?" Binti, ametoka Chang'ombe.

Ijumaa jioni: kaka anamtafutia mkewe suruali, hajui inaitwaje, ameonyesha picha kwenye simu. Simfahamu.

Jumamosi: dera lile la maua. Watu wanne, wa kikoba kimoja.

Mwenye haraka atasema dera limeshinda, wanne kwa watatu. Mimi nasema dera ni sauti moja na suruali ni sauti tatu. Wale wanne wanakutana kila wiki, mwenzao mmoja kavaa, wao wametamani. Lakini mama wa ofisini, binti wa Chang'ombe na yule kaka hawajuani, hawakukaa meza moja, na bado wamefika mlangoni kwako na haja ile ile. Mwaka 1973 (mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, sisi huku tunaukumbuka kwa hilo) mwanasosholojia Mmarekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, wengi hawakuambiwa na marafiki wa kila siku. Waliambiwa na watu wanaoonana nao mara moja moja. Rafiki zako wanajua unachokijua. Jambo jipya huingia kwa mtu wa pembeni. Ndiyo maana kwenye daftari lako mgeni ana uzito kuliko shoga yako, samahani kwa shoga yako.

Tazama tena maneno waliyotumia. "Yenye mifuko ya kweli", "zisizobana", na wa tatu hana hata jina, ana picha. Kitu kikiwa kichanga watu hukielezea kwa kukizunguka, kila mmoja na maelezo yake. Kikishakomaa kinapata jina la mtaani, mara nyingi jina la msanii au la tukio, na kila anayeingia analitaja hilo hilo. Jina la mtaani ni tangazo kwamba mwinuko mkali umeshaanza. Mimi nikisikia jina napunguza mzigo, na hilo hakuna aliyenifundisha, nimeliona tu likijirudia tangu enzi za mitumba ya Sabasaba.

Alama nyingine ni anayerudi. Umemuuzia mtu suruali moja, baada ya wiki tatu anakuja kuchukua ya rangi nyingine au anakuletea mdogo wake. Wale wakulima wa Iowa hawakupanda shamba zima mwaka wa kwanza. Walijaribu kipande, wakaona, wakaongeza. Mwenye kurudi ameshajaribu kipande chake. Warudi watano nawaamini kuliko watu hamsini waliopenda picha.

Hapa Dodoma lakini kuna kitu kitakachokuchezea daftari lako, nacho ni kalenda. Mji wetu unapumua kwa misimu. Bunge la bajeti linaanza Aprili hadi mwisho wa Juni, wageni wanajaa. Boom la wanafunzi, yaani pesa zao za mkopo, likiingia, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) yote iko mjini kununua. Chuo kikifungwa, kimya. Januari hatuisemi, ada zimemaliza kila kitu. Kwa hiyo usilinganishe Julai na Juni ukasema biashara imekufa, wala Aprili na Machi ukasema umegundua dhahabu. Linganisha Juni hii na Juni iliyopita.

Sweta ndiyo mfano ninaoupenda. Juni na Julai upepo wa Dodoma asubuhi unakata masikio, na mtumishi aliyehamia kutoka Dar hana sweta hata moja. Kila mwaka sweta zinapanda miezi hiyo, halafu zinashuka. Huo ni msimu, hata mtoto anaujua. Lakini kama Juni ya juzi uliuza 20, Juni ya jana 31, mwaka huu 45, chini ya msimu kuna kitu kingine kinapanda polepole, na hicho ndicho mwelekeo. Wengi wanaona wimbi, hawaoni kwamba maji yenyewe yanajaa.

Maji yenyewe hapa ni watu. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli, baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kungoja. Aprili 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika eneo ambalo leo ni jiji. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Aliyelisikia tangazo la 2016 akakaa chini kufikiri hakuhitaji kujua rangi gani itatamba 2019. Alihitaji kujiuliza: hawa wanaokuja watalala wapi, wataamka saa ngapi, watapita njia gani? Mtu anayekaa kwenu Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, anavuka mji mzima. Anaamka alfajiri, anapanda daladala au bajaji, pengine viwili, na vumbi lake. Huyo visigino vyake vinakaa kwenye mfuko mpaka mlangoni kwa ofisi. Anahitaji kiatu bapa cha njiani, na suruali ya mifuko ya kuingiza simu na nauli ili asifungue mkoba ndani ya daladala. Kwa hiyo zile sauti tatu za suruali zina sababu unayoweza kuitaja. Mwelekeo wenye sababu unaoiona kwa macho nauwekea pesa. Usio na sababu nauangalia tu.

Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma, Julai 2024, kuna jambo jingine limebadilika chini ya miguu yenu wauza nguo, na sidhani wengi wamelikubali. Zamani Dodoma ilikuwa nyuma ya Dar kwa miezi kadhaa. Mfanyabiashara aliweza kuangalia Dar inavaa nini, akangoja, akaleta. Basi lilichukua siku nzima. Sasa ni kama saa nne hivi, na mteja wako anakwenda harusini Jumamosi, anapitia Kariakoo, Jumapili jioni yuko Ilazo na mfuko wake. Ile nafasi ya kungoja imekatwa. Kuwahi kwa kuifuata Dar kunazidi kuwa kugumu. Kilichobaki kwako ni kujua Dodoma yenyewe inataka nini ambacho Dar hawakihitaji. Dar hawahitaji sweta.

Kuhusu nyota ya jirani. Ipo, kwa maana moja. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichukua nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana, wakawapa vijana zaidi ya 14,000 wazisikilize mtandaoni. Katika kila jaribio, wengi wao waligawanywa katika makundi nane yaliyotengana, tuyaite dunia. Ndani ya kila dunia mtu aliona wenzake wamepakua nini, lakini hakuona dunia nyingine. Nyimbo ni zile zile, watu wa aina ile ile, lakini washindi wakatofautiana kati ya dunia na dunia. Wimbo mmoja ulishika namba moja katika dunia moja na namba 40 katika nyingine. Zilizo bora sana hazikuanguka kabisa, mbovu kabisa hazikupanda, lakini hapo katikati kila kitu kiliwezekana, kwa sababu tu wa kwanza wachache walibonyeza hiki na si kile. Kwa hiyo anayekwambia anajua dera lipi litatamba anakudanganya au anajidanganya. Kinachotabirika ni haja. Rangi na ua ni bahati nasibu, na huyo jirani ukimchunguza nadhani utakuta anakata tiketi nyingi ndogo: vipande sita vya hiki, sita vya kile. Vinavyokufa hakuna anayevikumbuka, wala yeye hasemi.

Fanya hivyo. Suruali za mifuko leta sita, saizi kubwa zisikosekane, maana hao wanaouliza "zisizobana" wamekwambia saizi bila kuitaja. Zikiisha ndani ya wiki mbili na wawili wakarudi, leta ishirini, usilete mia. Na siku utakaposikia imepata jina, au ukiona fremu ya nne imeitundika, uza ulizonazo usirudi Kariakoo kwa ajili yake hata kama wateja wanapanga foleni.

Yale madera 19 yasikulaze macho, ila usiyangoje Nkuhungu, kwenu kilima chake kimeisha. Kuenea hakuanzi siku moja kila mahali. Kilichofika juu mjini huwa bado kiko tambarare ya chini vijijini, na huko pesa huonekana baada ya mavuno, kuanzia Mei hadi Agosti, alizeti na mtama vikishauzwa. Chukua matano nenda nayo mnadani Msalato, au mpe ndugu anayekwenda Bahi au Chamwino. Yakitoka kwa bei uliyonunulia, peleka yaliyobaki wiki inayofuata. Yasipotoka, yashushe bei mpaka yarudishe nauli na hela ya suruali sita.